Begi la Shemeji

Fundi Chuma hakuwa mtu wa mbwa. Tuliseme hilo mapema, maana aliyemwona siku ile amekaa kwenye sakafu ya uwanja wa ndege, kijibwa cheupe chenye pua bapa kimejikunja mapajani mwake, angeweza kumdhania ni mmoja wa wale wanaowavalisha mbwa sweta. Mbwa hakuwa wake. Alikuwa wa dada yake mkubwa, ambaye alimpa jina zuri tu la Pamba. Ila Fundi alimwita Shemeji, kwa sababu dada yake hakuwahi kuolewa, na huyo ndiye kiumbe wa kiume wa kwanza kuruhusiwa kulala kitandani kwake. Mwanzoni dada alinuna. Baada ya muda akawa anasema mwenyewe, "Shemeji yako leo hajagusa chakula," na jina likashika hivyo.

Kutoolewa kwake kulikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa Fundi. Wazazi walipofariki, mmoja akimfuata mwenzake, dada alikuwa msichana aliyekwisha kuposwa na Fundi alikuwa bado analilia maziwa. Mchumba akasema msichana atamchukua, ila mtoto atafutiwe ndugu wengine. Dada alimsindikiza mchumba mpaka barabarani kwa adabu zote, akamuaga, akarudi kuendelea kufua. Alifua mashuka ya hoteli miaka nenda miaka rudi, mikono ikababuka kwa sabuni, na kwa mikono hiyo hiyo akamshika mdogo wake akampeleka kwa mzee mmoja mshona mabegi aliyekuwa na karakana nyuma ya hoteli.

"Mfundishe," alimwambia. "Akikusumbua usimfukuze, niite mimi."

Basi akafundishika kupita kiasi. Mabegi ya Fundi yalikuwa ya turubai nene, uzi uliopakwa nta, mshono mara mbili, na chini ubao mgumu. Ndiyo maana mtaani wakamwita Chuma. Hakuna mteja aliyewahi kumrudishia begi kwa kuwa limepasuka. Na waliokuwa wakiyaona mazito walinyamaza tu, maana Fundi alikuwa na mdomo mchafu kwa mtu anayesifia mabegi mepesi ya dukani. "Hiyo ni karatasi iliyotiwa zipu," alikuwa akisema, na mteja anajiona mjinga kwa kuuliza.

Kasoro yake ilikuwa moja, nami simfichii. Hakujua kukaa na mtu. Kukaa tu, bila kazi mkononi, kulimtia kiwewe. Akija kukutembelea lazima awe amekuja kuleta kitu au kutengeneza kitu. Akimaliza, anachukua kofia yake. Mke wake alipougua ugonjwa wa kulala kitandani, Fundi alibadilisha bawaba za milango, akashona godoro upya, akatengeneza meza ya dawa yenye droo zisizopiga kelele. Nyumba ikawa kama imejengwa juzi. Pembeni ya kitanda alikaa dada. Siku mke alipokata roho, Fundi alikuwa karakanani anamshonea mto wa kuegemeza shingo, na mto ulikuwa umebakiza upande mmoja tu kushonwa. Dada ndiye aliyekuja na habari. Alisimama mlangoni, akautazama ule mto, hakutoa neno la lawama. Wala baadaye hakulitoa.

Mtoto wao alikuwa mmoja, binti, akasomea unesi na kupata kazi ng'ambo. Dada alipoanza kupungua mwili na kukohoa kusikoisha, binti alimchukua shangazi yake akatibiwe kwenye hospitali ile ile anayofanyia kazi. Shemeji akabaki kwa Fundi kwa muda. Muda ukawa mrefu. Binti akawa anapiga simu: Baba, njoo umwone Shangazi, tiketi nakata mimi. Na Fundi anajibu kwa upole kabisa, "Nakuja, mwanangu, ngoja nimalize kazi za watu." Kazi za watu hazikuisha, kwa sababu kila zilipokaribia kuisha alizitafuta nyingine. Alituma vitu. Alituma mkoba wa dawa, kandambili za ngozi laini, mto wa kiti. Vitu vilifika vyote salama. Mwenyewe ndiye hakufika.

Mpaka binti alipopiga simu asubuhi moja na kusema, "Baba, Shangazi anamtaka Shemeji."

"Anamtaka vipi?"

"Anamtaka tu. Amesema umletee wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Madaktari wameacha dawa kubwa. Baba, tafadhali usichelewe."

Sasa hiyo, mnaona, ilikuwa kazi. Mtu aliyekuwa hana nafasi miaka yote alifunga karakana siku hiyo hiyo. Alimkimbiza Shemeji kwa daktari wa mifugo, akapigwa chanjo, akapewa cheti cha afya, kibali kikagongwa muhuri. Binti alimsomea masharti kwenye simu: mbwa mdogo anaruhusiwa kusafiri ndani pamoja na abiria, chini ya kiti cha mbele, mradi awe ndani ya begi linalopitisha hewa, aweze kusimama na kugeuka mle ndani, kilo zisizidi nane, na akaendelea kusoma. Fundi aliposikia neno begi aliacha kusikiliza mengine.

"Begi niachie mimi," alisema.

Alimpeleka Shemeji kwenye mizani ya bucha. Muuza nyama akamuuliza akatiwe wapi, Fundi hakucheka. Kilo tano na kidogo. Akajiona tajiri wa kilo. Begi hakulipima, na wala halikumjia akilini. Tangu aanze kazi hakuwahi kuliweka begi kwenye mizani; kwake begi lilikuwa kitu cha kutilia vitu, na vitu ndivyo vyenye uzito.

Lile begi lilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Turubai alilichagua gumu, kingo akazivalisha ngozi, matundu ya hewa akayazungushia pete za shaba ili yasichanike, chini akaweka ubao na juu ya ubao sponji. Alikuwa anaogopa, tusidanganyane. Alikuwa anaogopa kwamba dada atakufa, na hofu yake yote aliishonea mle ndani: palipotosha mshono mmoja alipiga mitatu. Jirani yake wa karakana, muuza viatu mwenye maneno mengi na gari bovu, alilinyanyua akaguna. "Hili ni begi au jeneza la waziri?" Fundi akamwambia anyamaze na akatafute mafuta ya gari, maana kesho ndiyo safari.

Kaunta ya uwanja wa ndege ilikuwa na foleni ndefu, na Fundi alikuwa hajapanda ndege maishani. Karani wa kaunta, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alichukua sanduku lake akalibandika karatasi, mkanda ukalimeza pamoja na mkasi na visu vyake vyote vya kazi. Kisha akaonyesha mizani kwa kidole.

"Na mbwa, baba. Weka hapa."

Fundi aliweka begi, akarudi nyuma hatua moja ili lionekane vizuri. Karani alitazama namba, akavua miwani, akaivaa tena.

"Umezidi, baba."

"Haiwezekani. Ana tano na kidogo, nimempima mwenyewe."

"Ni mbwa pamoja na begi lake. Hapa inasoma tisa na nusu. Mwisho nane."

"Begi nalo linapimwa?"

"Linapimwa, baba."

Nyuma yake mtu alicheka kidogo kisha akajidai anakohoa. Fundi alisogelea kaunta. Akasema atambeba mbwa mikononi, begi liende kwenye mizigo. Karani akasema mbwa hatoki kwenye begi mpaka ndege ifike. Akasema basi atalipia kilo za kuzidi. Karani akasema mizigo mingine hulipiwa, ila hii hapana, ikizidi haiingii. Akauliza kama Shemeji anaweza kwenda chini mizigoni. Karani akasema ndege hii haipokei mbwa chini, na huyu wa pua bapa ndiyo kabisa, wanakosa pumzi wakafa njiani. Yote aliyasema kwa upole, na upole wake haukumsaidia Fundi hata chembe.

"Sasa nifanyeje?" Fundi aliuliza. "Niambie, mama. Huyu mbwa anakwenda kwa mgonjwa."

"Punguza begi," karani alisema. "Bado una muda kidogo. Ukifika nane nakupitisha."

Alimwazima mkasi wa kukatia karatasi, mdogo, wenye vishikio vya plastiki. Fundi akasogea pembeni ya ukuta, akaketi sakafuni, akamtoa Shemeji na kumfunga kamba kifundoni mwake mwenyewe, akaanza kulifumua begi. Muuza viatu, aliyewaleta kwa gari lake, alisimama juu yake akiwakinga watu wasimkanyage.

Msimcheke. Au mchekeni kidogo, kisha muache, kwa sababu mtu huyu alikuwa anapigana na mikono yake mwenyewe. Ule uzi wa nta haukukatika. Mkasi ulijikunja, ukauma, ukateleza. Alipokata mshono wa juu akakuta wa pili chini yake, alipomaliza wa pili akakuta wa tatu, na kila mmoja alikumbuka jinsi alivyouvuta kwa meno ili ukaze. Sasa alirudisha meno pale pale akiuvuta ulegee. Ufizi ukatoka damu. Pete za shaba alizing'oa kwa ufunguo wa nyumba. Ngozi ya kingo ilitoka kwa vipande. Alipofika kwenye ubao, misumari midogo ilikuwa imezama ndani ya mti, akaishika kwa kucha mpaka kucha moja ikapasuka katikati.

Shemeji alikuwa amejikunja mapajani mwake, akitetemeka na kulia kwa sauti nyembamba. Tangazo likapita juu ya vichwa vyao. Foleni ikafupika.

Ubao ulipotoka, walikimbilia mizani. Nane na robo. Fundi akarudi sakafuni, akakata mikanda ya kubebea, akang'oa sponji. Wakakimbia tena. Karani alitazama, akatikisa kichwa kukubali uzito, na kwa sekunde moja Fundi akapumua. Kisha akaja mkuu wa zamu, kijana mwenye redio kiunoni, akalinyanyua begi na mbwa akiwa ndani. Bila ubao chini yote ilibonyea. Shemeji akateleza katikati, miguu minne pamoja, mgongo umekunjika, pua yake ikatokeza kwenye mshono uliofumuliwa.

"Hawezi kusimama humu," mkuu wa zamu alisema. "Na pale atatoka. Samahani, mzee."

"Nitamshikilia."

"Samahani."

Karani aliinama juu ya kaunta. "Baba, dirisha linafungwa sasa hivi. Wewe peke yako unaweza kwenda. Una mtu wa kumwachia mbwa?"

Mtu alikuwepo. Muuza viatu tayari alikuwa amenyoosha mikono. "Nipe Shemeji, Chuma. Atakula kwangu, atalala kwangu. Panda ndege."

Hapo simu ikalia. Alikuwa binti.

"Baba, umeshapita?"

Fundi akamweleza kwa haraka, maneno yakigongana. Binti alimsikiliza, kisha akasema, "Mwache. Baba, nisikilize, mwache mbwa. Njoo wewe. Njoo leo."

"Nije mikono mitupu? Ameomba mbwa, hakuomba mimi."

Upande wa pili binti alianza neno, akaliacha. Fundi alidhani mtandao umekatika.

"Yukoje?" akauliza.

"Leo ameamka vizuri," binti alisema taratibu. "Amekunywa uji. Anaongea tangu asubuhi, anakuulizia wewe. Baba, ndiyo maana nasema leo."

Lakini kila mtu husikia anachokitaka, na Fundi alisikia neno vizuri. Ameamka vizuri. Amekunywa uji. Kwa hiyo kesho si mbali. Alijiona akiingia kwenye chumba kile bila kitu, amesimama miguuni pa kitanda, mikono inaning'inia, na dada anatazama nyuma yake kutafuta mbwa ambaye hayupo. Picha hiyo ilimtisha kuliko kitu kingine chochote, na hili nalisema bila kumwonea: ilimtisha kuliko kifo chenyewe.

"Mwambie kesho," alimwambia binti yake. "Mwambie naja naye kesho, bila kukosa."

Karani alimhamishia tiketi kwenye ndege ya kesho yake, sanduku likarudishwa. Muuza viatu akawarudisha mtaani kwa gari lake bovu.

Alasiri ile Fundi alishona begi jingine. Alilishona kwa kitambaa cha mwavuli, mishono mirefu ya haraka, pembe akaziinua kwa waya mwembamba, na chini akaweka kadibodi ngumu. Ilikuwa kazi ambayo angemfukuza nayo mwanafunzi wake. Safari hii alilipeleka bucha, na mshale wa mizani ulisogea kidogo tu. Aliona aibu kulibeba mtaani. Aliona pia, kwa mara ya kwanza, kwamba mabegi yale mepesi aliyokuwa akiyatukana kwa miaka yote yalikuwa na akili fulani, na jambo hilo likamuuma kuliko kucha iliyopasuka.

Kesho yake karani yule yule alipima, akatabasamu, akampitisha. Shemeji alisimama ndani ya begi, akageuka, akalala. Hakukuwa na tatizo lolote.

Ndani ya ndege Fundi alisukuma begi chini ya kiti cha mbele kama alivyoelekezwa, akafunga mkanda, akashika magoti yake. Mwanamke aliyekaa dirishani alitazama chini.

"Ataniuma huyo?"

"Hana meno ya maana, mama," Fundi alijibu. "Amezeeka kama mimi."

Ndege ilipoanza kukimbia, Shemeji alilia. Hakubweka, alilia, sauti ndefu ya kukatisha tamaa, na abiria wa viti vya jirani wakageuka. Fundi aliinama mpaka paji lake likagusa kiti cha mbele, akafungua zipu upana wa vidole viwili, akavitia. Ulimi wenye joto ukavilamba. Mhudumu alipita akamwambia akae wima na begi lifungwe. Akakaa wima, na mhudumu alipopita akainama tena.

"Jikaze kisabuni, Shemeji," alinong'ona. "Tunakwenda kwa mwenyewe."

Kitambaa kile cha mwavuli kilikuwa chembamba kiasi kwamba mwili mzima wa mbwa ulimfikia kwenye kifundo cha mguu, mtetemo wake, pumzi yake, moyo unavyopiga mbio. Lile begi la kwanza lisingemfikishia chochote. Safari nzima Fundi hakula wala hakwenda msalani, kwa kuogopa kwamba akiondoa mguu mbwa atalia tena. Mgongo ulimuuma, macho yakamkauka. Akawa anapanga maneno. Ataingia, ataweka begi kitandani, atafungua zipu, atasema, "Dada, mzigo wako huu hapa." Mbwa atafanya mengine. Yeye atakaa kidogo, labda siku mbili tatu, atazame kama nyumba ya binti ina kitu cha kutengeneza, kisha atarudi kwenye kazi za watu.

Binti alikuwa akimngoja pale abiria wanapotokea. Alimkumbatia baba yake kwa muda mrefu, begi likiwa limebanwa katikati yao, na alipomwachia Fundi akaona macho yake yamevimba. Hakuuliza. Garini aliweka begi mapajani na kumsimulia habari za karani na mkasi wa plastiki, akizifanya za kuchekesha. Binti aliendesha, akiitikia "mm," akatazama mbele.

Mlangoni mwa hospitali mlinzi aliinuka kwenye kiti. Alionyesha begi, akatikisa kidole, akaonyesha bango lililochorwa mbwa aliyekatwa mstari mwekundu.

"Mwambie ameitwa na mgonjwa," Fundi alimwambia binti yake. "Wewe si unafanya kazi hapa? Mwambie, mwanangu."

"Baba."

"Mwambie tumetoka mbali naye."

"Baba, mbwa hawaingii wodini. Hawajawahi kuingia."

Fundi alimtazama binti yake, akalitazama bango, akamrudia binti. "Shangazi yako hakulijua hilo? Mbona alisema nimlete?"

"Alijua." Binti alikuwa analia sasa, waziwazi, bila kujificha na watu wanaopita. "Yeye ndiye aliyenifundisha cha kusema. Alisema, ukimwambia baba yako aje kuniaga, atakwambia ana kazi za watu. Mwambie alete mbwa, atakuja mbio. Akaniapisha nisikwambie, asije akakutia aibu. Juzi nilikuwa nimefungwa mdomo, Baba, na jana nilijaribu, nikakwambia umwache, nikashindwa kusema kwa nini. Ningesema. Mimi ndiye niliyekosea, ningesema tu."

"Jana alikuwa anaongea," Fundi alisema.

"Jana mchana kutwa. Tuliongea mambo ya zamani. Kila mlango ukifunguliwa anageuza macho, ananiuliza, ni yeye? Nikamwambia kesho. Akasema, haya, kesho. Tangu alfajiri ya leo haongei tena. Anapumua tu."

Fundi alisimama pale mlangoni, watu wakimpita kulia na kushoto. Alifikiria ule ubao, na misumari, na jinsi alivyokuwa amerudi nyuma hatua moja ili karani aone begi vizuri. Akampa binti begi lenye mbwa. Binti alisema atakaa naye garini, chumba ni cha tatu mkono wa kushoto, aende tu.

Akaenda. Mikono ilimwelemea kama si yake, hakujua aiweke wapi.

Dada alikuwa mdogo sana kitandani. Macho yalikuwa wazi nusu, yameelekea dirishani, na pumzi yake ilikuja, ikasita, ikaja tena. Fundi alisimama miguuni pa kitanda, na macho yake, kwa mazoea yasiyo na huruma, yakaanza kutafuta. Kitanda kilikuwa cha chuma, magurudumu mazima. Droo ya meza aliivuta, ikateleza bila kelele. Pazia lilikuwa limeshonwa vizuri. Mto ulikuwa umekaa sawa chini ya shingo. Hapakuwa na kitu kilichoharibika chumbani mle isipokuwa dada yake, na huyo hakuwa na uwezo wa kumtengeneza.

Alivuta kiti akakaa. Alichukua mkono wa dada, ule uliobabuka kwa sabuni ya mashuka ya watu ili yeye apate kula, akauweka kati ya mikono yake miwili. Ulikuwa na joto bado. Maneno ya mzigo wako huu hapa hayakuwa na maana tena, na mengine hakuwa nayo. Akalia. Alilia kama alivyolia akiwa mdogo, kwa sauti, mabega yakimruka, na hakukuwa na mtu wa kumbembeleza, kwa sababu aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa amelala mbele yake.

Alipotulia aliinama karibu na sikio lake.

"Ni mimi, Dada," alisema. "Nimekuja. Sikuleta kitu."

Akangoja. Akarudia, kwa sauti ya juu kidogo, kisha akaendelea kuongea, chochote kilichomjia, hoteli ile ya zamani, kamba za kuanikia, mvua iliyowahi kuwaloweshea mashuka yote wakaanza upya, yeye akicheka na dada akimkimbiza na ndoo. Alisema mambo ambayo walipaswa kuyasema wawili. Mkono ule haukukaza wala haukulegea.

Mlango ulifunguliwa nyuma yake, nesi akaingia na dripu mpya. Fundi alimtazama dada yake usoni haraka. Macho yake yalibaki dirishani, hayakugeuka kutazama ni nani.